Viza Mbili, Nyika Moja

Mgeni anayefika ukingo wa Mto Sand, kusini kabisa mwa mbuga ya Maasai Mara, huiona Serengeti kwa macho yake. Nyasi ni zile zile na vilima ni vile vile. Iko hata barabara ya vumbi inayoelekea Bologonja, upande wa Tanzania. Lakini mgeni huyo haruhusiwi kuipita. Akitaka kulala Serengeti itambidi ageuze gari, atoke mbugani na azunguke magharibi hadi Isebania. Hapo atagongewa mhuri wa kutoka Kenya na, kwa upande wa Sirari, mhuri wa kuingia Tanzania, kisha atahamishia mizigo yake kwenye gari lenye namba za Tanzania. Idhini iliyomwingiza Nairobi haina kazi tena, na viza ya Tanzania ina malipo yake.

Madereva wakiulizwa sababu hujibu kwa mkato kwamba ndiyo sheria. Jibu hilo ni la kweli ila ni fupi mno. Makubaliano yanayomlazimisha mgeni kubadili gari ni ya mwaka 1985. Ugomvi ulioyazaa ulilipuka mwaka 1977. Mstari wenyewe ulichorwa mwaka 1886, na watu ambao hawakuwahi kuiona nyika hiyo.

Mwaka huo Uingereza na Ujerumani zilibadilishana barua, Oktoba 29 na Novemba 1, zikagawana maeneo ya kutawala Afrika Mashariki. Mstari ulianzia kwenye mlango wa Mto Umba, karibu na Vanga, ukapanda hadi Ziwa Jipe. Ukapita kati ya Taveta na nchi ya Wachaga, ukaizunguka miguu ya Kilimanjaro kwa kaskazini, kisha ukanyooka hadi ufuo wa mashariki wa Ziwa Victoria, pale unapokatwa na digrii 1 kusini mwa ikweta. Sayyid Barghash wa Zanzibar, aliyejihesabu kuwa mwenye nchi, aliachiwa ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10, akakubali kwa kuwa hakuwa na la kufanya.

Waongoza watalii hupenda kusimulia kwamba mstari ulipinda kwa sababu Malkia Victoria alimzawadia mjukuu wake, Kaiser Wilhelm wa Pili, mlima Kilimanjaro siku ya kuzaliwa kwake. Ni hadithi tamu, lakini mwaka 1886 Wilhelm hakuwa Kaiser. Alishika kiti mwaka 1888. Mlima ulikwenda kwa Wajerumani kwa sababu mwaka 1885 wakala wao, Karl Jühlke, alikuwa amepata sahihi ya Mangi Rindi wa Moshi. Waingereza nao walikuwa na hati za Taveta, alizozipata Harry Johnston mwaka 1884, na waliitaka Mombasa ibaki upande wao. Kila upande ulileta karatasi zake mezani, na mstari ukapita palipoachwa wazi na karatasi hizo.

Kwa miaka mingi wakazi wa huko hawakujua kwamba wamegawanywa. Wapima ardhi walikuja kuweka alama mwanzoni mwa karne ya 20, na hata baada ya hapo Mmaasai alihamisha ng'ombe kufuata mvua, Mkuria alioa ng'ambo ya pili, na Mdigo wa Vanga alikwenda kwa jamaa zake Tanga kama alivyozoea. Mpaka ulianza kuumiza mwaka 1914, vita vilipozuka Ulaya. Waingereza walijikusanya Namanga, wakavuka, na Novemba 3 wakawashambulia Wajerumani kwenye mlima wa Longido. Walishindwa siku hiyo, ila baada ya vita Tanganyika iliwekwa mikononi mwa Uingereza kwa udhamini wa Shirikisho la Mataifa.

Vita hivyo hivyo ndivyo vilivyoipa dunia pasipoti kama tunavyoijua. Kabla ya mwaka 1914 mtu aliweza kuzunguka sehemu kubwa ya Ulaya bila kuulizwa hati. Serikali zilizokuwa vitani ziliogopa wapelelezi na watoro wa jeshi, zikaanza kudai vitambulisho na viza mipakani. Amani ilipopatikana wengi walitarajia masharti hayo yafutwe. Oktoba 1920 wajumbe walikutana Paris chini ya Shirikisho la Mataifa, na badala ya kuifuta pasipoti wakaisanifu: iwe kitabu kidogo cha kurasa 32, chenye picha na maelezo ya mwenyewe, kinachofanana nchi hadi nchi. Jambo lililoitwa la dharura likawa la kudumu.

Huku Afrika Mashariki mambo yalikwenda kinyume. Bendera ilipokuwa moja pande zote mbili, mpaka ulipoteza makali. Katika miaka ya 1920 Kenya, Uganda na Tanganyika ziliingia kwenye umoja wa forodha na kutumia shilingi moja. Baadaye reli na bandari ziliunganishwa, na mwaka 1946 likaanzishwa shirika moja la ndege, East African Airways, makao yake yakiwa Nairobi.

Haina maana kwamba Mwafrika alikuwa huru kwenda atakako. Nchini Kenya ukaguzi ulihamishiwa mwilini mwake. Kuanzia mwaka 1920 hivi kila mwanamume Mwafrika aliyezidi miaka 16 alitakiwa kubeba kipande: karatasi yenye alama za vidole, jina la mwajiri na tarehe za kazi, ndani ya kikopo cha bati kilichoning'inizwa shingoni. Askari aliweza kukidai popote, sokoni au njiani. Harry Thuku alijipatia umaarufu mwanzoni mwa miaka ya 1920 kwa kukipinga, na hakikuondolewa hadi mwishoni mwa miaka ya 1940. Mzungu aliyetoka Nairobi na gari lake kwenda kuwinda Arusha hakubughudhiwa hivyo.

Uhuru ulipofika, ilitarajiwa kwamba kusafiri bila kubughudhiwa kutakuwa haki ya wote. Juni 1963, viongozi wa Tanganyika, Kenya na Uganda, yaani Nyerere, Kenyatta na Obote, walitangaza Nairobi kwamba nchi zao zitaungana kuwa shirikisho kabla ya mwaka kwisha. Mwaka ulikwisha na shirikisho halikuonekana. Mwaka 1966 kila nchi ilianza kutoa sarafu yake. Ili kuokoa kilichobaki, viongozi hao watatu walitia saini Kampala, Juni 6, 1967, mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na makao makuu yakawekwa Arusha. Reli, bandari, posta na ndege ziliendelea kuwa mali ya pamoja. Kwa msafiri, miaka hiyo ndiyo iliyokuwa nyepesi kuliko zote zilizofuata.

Na wasafiri walikuwa wameanza kuwa wengi. Mwaka 1959 Bernhard Grzimek, Mjerumani aliyesimamia bustani ya wanyama ya Frankfurt, alitoa filamu kuhusu Serengeti aliyoitengeneza pamoja na mwanawe Michael, aliyekufa kwa ajali ya ndege kabla kazi haijakwisha. Filamu hiyo ilipata tuzo ya Oscar, na Serengeti ikajulikana Ulaya na Marekani. Ndege kubwa nazo zilikuwa zikitua Embakasi, Nairobi, uwanja uliofunguliwa mwaka 1958. Mgeni aliyetaka kuiona nyika ya Tanzania alishukia Kenya.

Hapo ndipo biashara ilipojipanga. Kampuni ya Nairobi ilimpokea mgeni, ikampakia kwenye kombi lenye paa la kufunguka, ikampitisha Amboseli na Namanga. Alilala Ziwa Manyara, akashuka kreta ya Ngorongoro, akakaa siku mbili tatu Serengeti, akarudi Kenya kwa njia ya Bologonja na Mara. Safari ilikuwa ya mduara mmoja. Mapumziko ya mwisho, vinyago vya kupeleka nyumbani na tiketi ya ndege vililipiwa Nairobi.

Dar es Salaam iliutazama mduara huo kwa jicho jingine. Simba, nyumbu na kreta vilikuwa vyake, na gharama ya kuvilinda pia. Fedha nyingi zilibaki kwa mwenye kombi. Baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967 serikali iliingia yenyewe kwenye biashara ya hoteli kupitia shirika la umma, na mwaka 1971 ukafunguliwa uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, kati ya Arusha na Moshi, ili mgeni aje moja kwa moja bila kupita Nairobi. Ndege zilizotarajiwa hazikuja kwa wingi. Kampuni za Ulaya zilikuwa zimeizoea Nairobi, na Nairobi haikuwa na sababu ya kuwaachia wateja wake.

Wakati huohuo Jumuiya ilikuwa ikioza kutoka juu. Januari 1971 Idi Amin alimpindua Obote, na Nyerere akakataa kukaa meza moja naye. Baraza la marais watatu, ambalo kwa mkataba ndilo lililokuwa na neno la mwisho, halikukutana tena. Mwaka 1974 Tanzania iliyazuia malori makubwa ya Kenya yaliyokuwa yakienda Zambia, ikisema yanaharibu barabara. Mashirika ya pamoja yalianza kudaiana, kila nchi ikiituhumu nyingine kwa kukalia fedha. East African Airways ilielemewa na madeni, na mwishoni mwa Januari 1977 ndege zake zikasimama. Kenya haikungoja. Februari 4, Kenya Airways ilianza kuruka.

Siku hiyohiyo Tanzania iliufunga mpaka wake na Kenya.

Ilikuwa mkesha wa kuzaliwa kwa Chama cha Mapinduzi, pale TANU ya bara na ASP ya Zanzibar zilipoungana Februari 5, na nchi nzima ilikuwa kwenye shamrashamra. Amri iliyakuta magari ya Kenya yakiwa katikati ya mduara wake. Makombi ya watalii yaliyokuwa Arusha na mbugani yalizuiwa, na ndege ndogo za kukodi pia. Wageni waliokuwa wamelipia kurudi Nairobi wakajikuta hawana usafiri. Tanzania ilisema inashikilia mali hizo kwa sababu Kenya nayo imeshikilia mali za Jumuiya, ndege zikiwa za kwanza. Kabla ya mwaka huo kufika nusu, Jumuiya ilikuwa imebaki jina.

Mpaka ulibaki umefungwa kwa zaidi ya miaka sita. Aliyekuwa na shughuli halali Nairobi na Dar es Salaam alizunguka kwa ndege kupitia nchi ya tatu, kama alikuwa na fedha hizo. Asiyekuwa nazo alikaa kwao au alipita njia za panya. Magazeti ya Dar es Salaam yaliwaita mabepari wa Kenya manyang'au, na wakubwa wa Nairobi nao waliikejeli Tanzania kwa maduka yake yasiyo na kitu. Kejeli hiyo iliuma kwa kuwa ilikuwa na ukweli. Vita na Amin vya 1978 na 1979, bei ya mafuta na makosa ya sera viliifikisha nchi mahali ambapo sabuni, sukari na mafuta ya kupikia vilipatikana kwa kujuana.

Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Huko Taveta, Tarakea na Sirari magendo yalikuwa ajira. Kahawa na mifugo vilikwenda Kenya usiku, sabuni na nguo vikarudi. Serikali ya Tanzania ilipoanzisha mwaka 1983 kampeni ya kuwakamata walanguzi na wahujumu uchumi, ikiongozwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine, bidhaa nyingi zilizofichuliwa zilikuwa zimepita kwenye mpaka ambao rasmi haukuwa ukipitika.

Kwa upande wa utalii, kila nchi ilijifunza kuishi peke yake, na hili ndilo lililoamua yote yaliyofuata. Kenya iliwageuza wageni wake kuelekea Mara, Amboseli, Samburu na fukwe za Mombasa. Mara, ambayo awali ilikuwa kituo cha mwisho cha mduara wa Serengeti, ikawa ndiyo safari yenyewe. Tanzania iliumia zaidi. Hoteli ya Lobo, iliyojengwa juu ya majabali kaskazini mwa Serengeti na bwawa lake la kuogelea likiwa katikati ya mawe, ilikuwa imewekwa mahali pazuri kwa mgeni anayetoka Kenya. Sasa ilikuwa mwisho wa barabara ndefu kutoka Arusha, na wageni wa kuijaza hawakuwapo. Kenya nayo haikutoka bure: viwanda vyake vilipoteza soko la Tanzania na njia ya lori kwenda Zambia.

Aliyepewa kazi ya kutafuta suluhu alikuwa mwanadiplomasia wa Uswisi, Victor Umbricht. Alizunguka kwa miaka kati ya Nairobi, Dar es Salaam na Kampala akihesabu mabehewa, meli, majengo na madeni. Nyerere alishikilia msimamo mmoja: mali zigawanywe kwanza, mpaka baadaye. Katika muda huo Kenyatta alifariki, Amin alikimbia na Obote alirudi madarakani. Novemba 1983 Nyerere, Rais Moi wa Kenya na Obote walikutana Arusha wakaafikiana, na mpaka ukafunguliwa. Mkataba wa mgawanyo ulitiwa saini huko huko Mei 14, 1984. Kenya ilipata asilimia 42 ya mali, Tanzania 32 na Uganda 26. Ndani ya mkataba huo wa talaka kiliwekwa kifungu kinachoahidi kwamba nchi hizo zitatafuta njia za kushirikiana tena.

Mpaka wa watu ulifunguka. Mduara wa watalii haukufunguka. Wenye hoteli na kampuni za Arusha walikuwa wamekaa miaka sita wakijenga upya biashara yao, na hawakuwa tayari kuona makombi ya Nairobi yakirudi Ngorongoro kana kwamba hakuna lililotokea. Mwaka 1985 serikali mbili ziliandikiana makubaliano ya utalii. Gari la watalii la nchi moja litamfikisha mgeni kwenye miji na vituo vilivyotajwa, halafu mwenyeji atampokea kwa gari lake. Kuingia na mgeni kwenye mbuga za jirani hakuruhusiwi. Bologonja haikufunguliwa kwa safari hizo. Kampuni za Kenya zimeomba mara nyingi ifunguliwe, na Tanzania imekataa kila mara, ikitaja uhifadhi wa Serengeti. Aliyeisoma historia ya miaka ya 1960 na 1970 anajua kwamba hesabu ya fedha nayo imo.

Makubaliano hayo yaliandikwa wakati Jumuiya haipo. Ikafufuka. Mkataba mpya ulitiwa saini Arusha Novemba 30, 1999, ukaanza kutumika Julai 2000. Aprili mwaka huo wa 1999 ilikuwa imetolewa pasipoti ya Afrika Mashariki, iliyokubalika ndani ya Kenya, Uganda na Tanzania peke yake. Umoja wa forodha ulianza mwaka 2005, Rwanda na Burundi zikajiunga mwaka 2007, na Julai 1, 2010 ikaanza kazi Itifaki ya Soko la Pamoja. Kwa itifaki hiyo Mkenya anaingia Tanzania na Mtanzania anaingia Kenya bila viza, kwa pasi ya kukaa hadi miezi sita.

Lakini itifaki iliacha mlango wa hiari. Nchi zinazotaka kuruhusu kitambulisho cha taifa badala ya pasipoti zinaweza kukubaliana zenyewe. Kenya, Uganda na Rwanda zilifanya hivyo kuanzia mwaka 2014. Mwaka huohuo nchi hizo tatu zilianzisha viza moja ya utalii: dola 100, siku 90, kuingia na kutoka kati ya nchi hizo bila kulipa tena. Nchi iliyoitoa ilibaki na dola 40, nyingine mbili zikapata 30 kila moja. Tanzania, yenye Serengeti, Kilimanjaro na Zanzibar, haikujiunga. Mgeni anaweza kutoka kwa masokwe wa Rwanda hadi simba wa Mara kwa viza moja, lakini akitaka kuwafuata nyumbu kusini mwa Mto Sand anaanza upya.

Kwamba ugomvi wa zamani haujafa kulionekana mwishoni mwa Desemba 2014. Kenya iliyazuia magari ya Tanzania kuwachukua na kuwashusha watalii kwenye uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, Nairobi, ikisema inayatekeleza makubaliano ya 1985 kama yalivyoandikwa. Machi 2015 Tanzania ilijibu angani: safari za Kenya Airways zikakatwa kutoka 42 kwa wiki hadi 14. Marais Kikwete wa Tanzania na Uhuru Kenyatta wa Kenya walimaliza jambo hilo walipokutana Namibia kwenye sherehe ya kumwapisha Rais Hage Geingob. Magari yakaruhusiwa, ndege zikarudishwa. Makubaliano yenyewe hayakuguswa.

Miaka miwili baadaye zamu ilikuwa ya mifugo. Mwaka 2017 Tanzania ilipiga mnada ng'ombe zaidi ya 1,300 wa wafugaji kutoka Kenya waliokutwa wakilisha upande wake, na vifaranga 6,400 vilivyoingizwa kutoka Kenya vikateketezwa kwa moto kwa hoja ya kuzuia mafua ya ndege. Mmaasai ambaye babu yake alifuata mvua bila kuuliza mstari uko wapi alipata jibu lake mnadani.

Katikati ya misuguano hiyo, jambo moja la manufaa lilijengwa, na lastahili kutazamwa kwa karibu. Zamani msafiri wa Namanga alishuka kwenye basi upande wa Kenya, akapanga foleni, akagongewa mhuri wa kutoka. Kisha alitembea na begi lake kwenye kipande cha ardhi kisichojulikana ni cha nani, akizongwa na wabadilisha fedha na kina mama wa Kimaasai wenye shanga mikononi, hadi ofisi ya Tanzania, akapanga foleni ya pili. Basi nalo lilikuwa na foleni zake, za uhamiaji na za forodha. Aliyechelewa upande mmoja aliomba Mungu dereva asimwache.

Desemba 1, 2018 marais Magufuli na Kenyatta walifungua Namanga kituo cha huduma za pamoja. Utaratibu wake ni rahisi. Anayetoka Kenya hasimami tena Kenya; anapitiliza hadi jengo lililo upande wa Tanzania. Humo maofisa wa nchi zote mbili wamekaa ukumbi mmoja. Kwenye meza ya afya anaonyesha kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Dirisha la Kenya linamgongea mhuri wa kutoka, na hatua chache mbele dirisha la Tanzania linachukua alama za vidole na kumgongea wa kuingia. Mizigo inapita kwenye mashine, na safari inaendelea. Anayekwenda Kenya anafanya hivyohivyo upande wa pili. Vituo vya namna hii vipo pia Holili na Taveta, Mutukula, Rusumo na Busia.

Maofisa wawili kukaa ukumbi mmoja hakukufanya serikali mbili kuwa na nia moja. Ugonjwa wa Uviko-19 ulipoingia, Kenya iliufunga mpaka wake na Tanzania Mei 2020, ikiacha mizigo peke yake. Madereva wa malori walipimwa Namanga, na majibu ya upande mmoja yakakataliwa na upande wa pili. Malori yalipanga mstari kwa kilomita. Agosti 1 Tanzania iliizuia Kenya Airways baada ya kuachwa nje ya orodha ya nchi ambazo wasafiri wake wangeruhusiwa kuingia Kenya. Hali ilitulia Septemba, na Mei 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alikwenda Nairobi na kulihutubia bunge la Kenya akihimiza ujirani.

Januari 2024 Kenya ilifuta viza na kuweka idhini ya kusafiri inayoombwa kwa mtandao kabla ya kupanda ndege. Tanzania iliendelea na viza yake, inayopatikana kwa mtandao au mpakani: dola 50 kwa mataifa mengi, dola 100 kwa Wamarekani. Teknolojia imekuwa mpya pande zote mbili. Mgawanyo wa kazi ni ule ule wa 1985.

Hapo ndipo kosa lilipo. Sehemu ngumu zaidi ya mpaka huu haikuwekwa na Waingereza wala Wajerumani. Wao walichora mstari ambao watu waliuvuka kwa miaka 90 hivi bila kuuogopa sana. Iliwekwa na serikali zetu zenyewe, kwa sababu ya ndege, makombi na fedha za watalii, na iliachwa hivyo hata baada ya mali kugawanywa na Jumuiya kurudi. Tanzania ilikuwa na haki ya kulalamika mwaka 1977 kwamba mbuga ni zake na faida ni ya jirani. Lalamiko hilo lilihitaji mkataba wa kugawana mapato, kama zile dola 40 na 30 za viza ya mwaka 2014, na halikuhitaji barabara kufungwa.

Mawaziri wa utalii wa nchi hizi mbili wayatoe makubaliano ya 1985 kabatini na wayaandike upya, Bologonja ikiwemo, kwa hesabu zilizo wazi za nani anapata nini. Na haki ya kuvuka kwa urahisi isidaiwe kwa ajili ya watalii peke yao: Mtanzania na Mkenya waruhusiwe kuvuka Namanga kwa kitambulisho cha taifa, kama Mganda na Mnyarwanda wanavyoingia Kenya tangu mwaka 2014. Itifaki ya Soko la Pamoja inaruhusu. Kilichobaki ni serikali mbili kukubaliana.